Mtoto wa Nuhu Aliyekimbilia Mlimani

Kilichonifanya nisome Biblia na Kurani mwanzo hadi mwisho ni ubishi, wala si uchamungu. Sisi tuliokulia Kusini miaka ya 1990 tulikulia kwenye mihadhara. Alasiri spika zinafungwa uwanjani, muhadhiri anasimama na Biblia iliyochomekwa vijikaratasi kila mahali, anausomea umati Kumbukumbu la Torati 18:18 kuonyesha kwamba Mtume Muhammad alitabiriwa humo. Siku chache baadaye upande wa pili nao unafunga spika zake, unashika Kurani ya tafsiri na kusoma aya zinazomwita Isa bin Maryamu neno litokalo kwa Mungu. Kaseti za Ahmed Deedat wa Afrika Kusini zilikuwa zinaazimwa mpaka utepe unakatika. Vijana wa kijiweni tulizijua aya hizo kama mashabiki wa Simba na Yanga wanavyoyajua magoli waliyowafunga watani: nani alifunga, dakika ya ngapi, na nani aliondoka uwanjani analia. Kilichoandikwa kabla ya aya na baada yake hatukuwa na habari nacho.

Nyumbani kwetu pande zote mbili zilikuwa zinakula sinia moja. Baba ni Mwislamu wa Mikindani, mama ni Mwanglikana wa Masasi, na sisi watoto tumegawanyika. Huku kwetu hilo si jambo la kushangaza. Idi tunakula pilau, Krismasi tunakula pilau ileile. Mimi tangu sekondari nilikuwa nimeshaacha kuamini, kimyakimya, maana ukisema hadharani Lindi kwamba huamini, watu hawakubishii. Wanakuonea huruma, halafu wanauliza pembeni kama kuna mtu kakuchezea.

Kazi yangu ni ukarani katika chama cha msingi, kwenye barabara ya Lindi kwenda Masasi. Korosho ikishaondoka ghalani na magunia yakahesabiwa, miezi inayofuata karani ana muda mwingi kuliko fedha. Kazi yenyewe ni kulinganisha: karatasi ya mzani, daftari la mkulima, stakabadhi ya ghala kuu. Zisipooana, hulali. Basi msimu mmoja ulipofungwa nikasema, hebu na hivi vitabu nivifanyie ukaguzi.

Biblia nilikuwa nayo ya mama, ile ya Union ya mwaka 1952. Nikanunua nyingine ya Kikatoliki, na hapo hapo nikapata la kuandika: ya mama ina vitabu 66, ya Kikatoliki ina 73, akina Tobiti, Yudithi na Wamakabayo wamo. Baadaye nikasikia kwamba Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia linahesabu 81. Bado sijafungua ukurasa wa kwanza na mizani haisomi sawa.

Nikaanza na Mwanzo, kalamu mkononi. Sura ya kwanza wanyama wanatangulia na binadamu anafuata, mwanamume na mwanamke kwa pamoja. Sura ya pili Adamu anatangulia, wanyama wanafuata, mwanamke anakuja mwisho. Nikaweka alama ya kuuliza pembeni. Lakini iliyonipa raha hasa ni sura ya 5, ambayo watu wengi huiruka kwa sababu ni orodha ya wazee na umri wao. Kwa karani ile ni karamu. Adamu alimzaa Sethi akiwa na miaka 130, Sethi akamzaa Enoshi akiwa na 105, inaendelea hivyo hadi Nuhu, ambaye gharika ilimkuta na miaka 600. Nikajumlisha: kutoka Adamu hadi gharika ni miaka 1656. Methusela alizaliwa mwaka wa 687 wa hesabu hiyo, akaishi miaka 969. Jumlisha mwenyewe. Mzee aliyeishi kuliko wote alikufa mwaka uleule wa gharika, na Biblia haisemi kama kilichomuua ni uzee au ni maji.

Nilipochimba zaidi kwenye simu nikakuta kwamba hata hesabu hiyo haiko sawa katika nakala zote za kale. Torati ya Wasamaria inaiweka gharika mwaka wa 1307. Ya Kiyunani inaiweka mwaka wa 2242, na kwa nakala zake kadhaa Methusela anaishi miaka 14 baada ya gharika, ilhali ndani ya safina walikuwamo watu wanane tu na yeye hayumo. Mtakatifu Augustino alilihangaikia jambo hilo karne ya 5. Nilifurahi mno. Nikapanda basi kwenda Masasi na karatasi yangu mfukoni, kumwonyesha mjomba.

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na Jumapili ndiye anayesoma masomo kanisani. Kwa watu wa upande wa mama, mjomba ndiye mwenye neno. Baba anakulea, lakini mjomba ndiye anayekuita kikao. Nikamwamkia, nikatoa karatasi. Akavaa miwani, akaipitia hesabu mstari kwa mstari kwa kalamu nyekundu, maana ualimu haumtoki mtu.

"Umejumlisha vizuri, mpwa wangu," akasema. "Haya, huyo Methusela alikuwa mtu wa namna gani?"

"Biblia haisemi, mjomba."

"Ulimtafuta?"

Sikuwa nimemtafuta. Nilikuwa nimetafuta tarakimu. Niliona kama ananikwepa, na hadi leo nadhani kidogo alinikwepa. Lakini swali lile liliniharibia mtindo wa kusoma.

Umri wa dunia, kwa mfano, niliacha kuubishia mapema, kwa sababu kwetu Lindi jibu limelala ardhini. Kilima cha Tendaguru kiko bara ya mji wetu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani waliwaajiri mamia ya wenyeji kufukua mifupa ya dinosaria pale, msimamizi mmoja hodari akiwa Boheti bin Amrani, na mizigo ikabebwa na watu kwa miguu hadi bandari ya Lindi, jumla kama tani 250. Mjusi aliyesimamishwa Berlin ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na mifupa ile ina umri wa karibu miaka milioni 150. Askofu James Ussher wa Ayalandi, aliyetangaza mwaka 1650 kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo, alitumia hesabu za sura hizihizi nilizojumlisha mimi. Mjomba alifundisha watoto habari za Tendaguru Jumatano na akasoma Mwanzo kanisani Jumapili, na usingizi wake haukupungua. Mimi nilidhani hapo ndipo nitamnasa. Hakunaswa, na mimi nikaona hoja yenyewe imenichosha.

Nikaja kwenye Kurani. Baba ana ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ya mwaka 1969, yenye maelezo marefu chini ya ukurasa. Kabla yake, mwaka 1923, Godfrey Dale, padri wa UMCA, misheni ileile ya Kianglikana iliyoanzisha Masasi, alikuwa ameshaitoa Kurani kwa Kiswahili, na Ahmadiyya wakatoa yao mwaka 1953. Kwa hiyo Mswahili wa kwanza kuisoma Kurani nzima kwa lugha yake aliipokea kutoka mkono wa padri. Nikimkumbusha baba hilo anajifanya hasikii.

Nilipoanza na al-Baqara nilipotea. Aliyeniokoa ni Maalim wa mtaani kwetu, fundi cherehani ambaye asubuhi anashona na jioni anasomesha watoto. Aliniambia nianzie mwisho, Juzuu Amma, kwenye sura fupi fupi, kisha nirudi nyuma, kwa sababu sura hazikupangwa kwa kufuata wakati zilipoteremka. Nyingi zimepangwa ndefu mbele, fupi nyuma. Nikafuata. Ikasomeka. Ukitoka huko mwisho unakutana kwanza na sauti ya mtu anayeonya mji wake, hesabu inakuja, mayatima wanaonewa, mizani inapunjwa (hapo karani nilikaa vizuri), na sheria za mirathi na vita zinakuja baadaye ukishamzoea msemaji.

Ndipo nikafika sura ya 11, Hud, aya ya 42.

Habari za Nuhu nilizijua kwa Biblia: mke, wana watatu, wake zao, wote ndani, mlango ukafungwa. Katika Kurani kuna mtoto mwingine. Amesimama kando. Merikebu inaondoka kwenye mawimbi makubwa na baba yake anamwita, ewe mwanangu, panda pamoja nasi. Mtoto anajibu kwamba atakimbilia mlimani, mlima utamkinga na maji. Baba anasema leo hakuna wa kukinga. Wimbi likaingia kati yao, naye akawa miongoni mwa waliozama. Maji yanapotulia Nuhu anamwambia Mola wake, mwanangu ni katika watu wangu. Anajibiwa kwamba huyo si katika watu wake, na asiombe asilolijua. Nuhu anaomba msamaha. Hadithi inaendelea na watu wengine.

Nilifunga kitabu siku hiyo. Sina cha kueleza zaidi ya kwamba mimi ni mtoto wa nyumba yenye dini mbili na sina hata moja, na nilikuwa nimejiona. Kwa hesabu ya baba, mama hayumo ndani. Kwa hesabu ya mjomba, baba hayumo ndani. Kwa hesabu ya wote wawili, mimi ndiye yule wa mlimani. Na wote wawili wananipenda, na kila mmoja kwa wakati wake amesimama mlangoni pa safina yake akiniita.

Nilimpelekea Maalim. Sikumpelekea kama hoja ya kijiweni. Nilimuuliza tu, ikiwa yule mtoto alikuwa na hofu ya kawaida, akaona mlima ni mrefu na merikebu ni mbao, kosa lake ni nini?

Maalim aliendelea kushona upindo. Kisha akasema, "Mwanangu, umeona Nuhu aliuliza?"

"Nimeona. Na akakatazwa."

"Akakatazwa, ndiyo. Lakini kilio chake kimeandikwa. Kingeweza kufutwa."

Jibu hilo halinitoshi. Ila nililinganisha: katika Mwanzo, Nuhu hasemi neno hata moja tangu anapoagizwa kujenga hadi maji yanakauka. Kurani imempa kinywa, na jambo alilolisema kwa uchungu kuliko yote ni kuhusu mtoto aliyebaki nje. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipotuangushia mvua na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika upande wa Kilwa, kila mtu mjini alikuwa anamtaja Nuhu, magari yamelala, bidhaa zimepanda. Sikumsikia hata mmoja anayemtaja mtoto.

Kuanzia hapo daftari langu likabadilika. Alama za kuuliza za tarakimu ziliendelea, siwezi kuziacha: nani alimuua Goliathi, maana 1 Samweli 17 inasema Daudi na 2 Samweli 21:19 inasema Elhanani, nani alimchochea Daudi ahesabu watu, maana 2 Samweli 24 inasema ni Mungu na 1 Mambo ya Nyakati 21 inasema ni Shetani, baba yake Yusufu mume wa Mariamu ni nani, Yakobo wa Mathayo au Heli wa Luka. Hizo naziandika bado kwa mwandiko mdogo. Ila upande wa pili wa ukurasa nikaanza kuorodhesha watu ambao vitabu vinawapita mbio.

Binti wa Yeftha, Waamuzi 11, aliyetolewa sadaka kwa nadhiri ambayo hakuiweka yeye, hana jina. Watoto wa Ayubu. Hao nilikaa nao sana, kwa sababu ni suala la leja. Mwanzo wa kitabu Ayubu ana kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda 500, na watoto kumi, wana saba na binti watatu. Nyumba inawaangukia watoto wote wanakufa. Mwisho wa kitabu anafidiwa: kondoo 14,000, ngamia 6,000, jozi 1,000, punda 1,000. Kila kitu mara mbili. Watoto? Wana saba, binti watatu. Nikampigia mjomba simu kumwambia kwamba hesabu ya fidia imepunjwa.

"Haikupunjwa," akasema. "Mifugo iliyokufa imekwisha. Watoto waliokufa bado ni wa Ayubu. Saba na saba ni kumi na nne."

Ni tafsiri ya zamani, wala hakuitunga yeye, na nakiri ni nzuri. Lakini nilimwambia, mjomba, ukienda kwenye msiba ukamwambia mzazi kwamba hesabu imekamilika, utatoka salama? Akacheka hadi akakohoa.

Upande wa Kurani, aliyeingia kwenye orodha ni kijana wa sura ya 18, al-Kahf, ambayo Waislamu wengi huisoma kila Ijumaa. Musa anasafiri na mja mwenye elimu ya siri, yule ambaye mapokeo yanamwita Khidhri. Mja anatoboa jahazi la maskini, Musa analalamika. Anamuua kijana, Musa analalamika zaidi. Anajenga ukuta wa watu walionyima chakula, Musa analalamika tena, na safari inavunjika. Maelezo yanakuja mwishoni: kijana angekuja kuwatia wazazi wake waumini katika uasi na ukafiri, na Mungu atawapa mtoto bora kuliko yeye. Jahazi naelewa. Ukuta naelewa. Kijana siwezi. Maalim hakujaribu kunilainishia. Alisema tu kwamba Musa, mtume mkubwa, alisimama mahali niliposimama mimi na akasema kwa sauti kwamba jambo hilo ni baya. "Hukuwa wa kwanza," akaniambia, na nikaondoka na hilo.

Hapa lazima nimtendee haki mzee huyu. Tulipofika kwenye ubishi mkuu wa mihadhara, kwamba mtoto aliyetaka kuchinjwa ni Isaka au Ismaili, nilitegemea anipe jibu la spika. Akaniambia kwamba sura ya 37 yenyewe haimtaji jina. Kwamba Tabari, mfasiri mkubwa wa zamani, alishika kwamba ni Is-haka. Na kwamba Ibn Kathir akaja kumpinga na kushika Ismaili, na huko ndiko Waislamu wengi waliko. Yeye mwenyewe yuko kwa Ismaili. Miaka yote ya kijiweni hakuna aliyeniambia kwamba wanazuoni wenyewe walikwishatofautiana.

Wayahudi ndio niliokuwa nao mbali kabisa, kwa sababu sijawahi kumwona hata mmoja. Nilidhani nikishasoma Agano la Kale nimewamaliza. Kumbe wao vitabu vilevile wamevipanga vingine, Torati, Manabii, Maandiko, na vinaishia na Mambo ya Nyakati badala ya Malaki, na juu yake wana Talmudi, bahari ya mabishano ya marabi. Nilisoma vipande kwenye simu, kwa Kiingereza changu cha kusukuma. Kimoja kilinirudisha kwenye orodha yangu. Wamisri wanazama katika Bahari ya Shamu, malaika wanataka kuimba sifa, na Mungu anawakatiza: kazi ya mikono yangu inazama baharini, ninyi mnaimba? Nilimtumia mjomba na Maalim siku hiyohiyo. Marabi hao nao walikuwa wameona waliozama.

Injili nitazipitia haraka, kwa sababu ndizo nilizozijua tangu utoto na zilinishangaza kidogo, isipokuwa Marko, ambayo mtu anaweza kuimaliza jioni moja na anapaswa kuimaliza jioni moja. Katika hati mbili za kale, Sinaiticus na Vaticanus, zote za karne ya 4, inaishia 16:8: wanawake wanatoka kaburini mbio, hawamwambii mtu neno, kwa sababu waliogopa. Basi. Na katika sura ya 14, usiku wa kukamatwa kwa Yesu, kuna kijana aliyejifunga kitambaa cha kitani, wanamshika, anaacha kitambaa anakimbia uchi. Hakuna injili nyingine inayomtaja. Nani yule? Nimemwandika kwenye orodha. Angalau yeye alipona.

Sasa Hajiri.

Bibi mzaa mama alikuwa akisema kwamba bibi yake aliletwa Masasi akiwa mtoto, akiwa hajui kwao ni wapi. Aliukumbuka mto tu, na jina la mto hakulikumbuka. Masasi ya Wakristo ilianza hivyo: mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Zanzibar na kundi la watumwa waliokombolewa, wakielekea Nyasa, wakaweka makazi hapo njiani. Mwaka 1882 Wangoni wakavamia, wengine wakachukuliwa utumwani mara ya pili. Huo ni upande wa mama. Upande wa baba ni Mikindani, na misafara iliyotoka bara iliishia huko na Kilwa Kivinje. Upande huo hakuna anayesimulia kama wazee wetu walikuwa wanauza au wanauzwa. Ukiuliza, unapewa chai.

Kwa hiyo nilipozisoma sheria za utumwa sikuzisoma kama mwanafunzi. Kutoka 21 inasema mtu akimpiga mtumwa wake naye akaishi siku moja au mbili kabla ya kufa, bwana haadhibiwi, kwa kuwa mtumwa ni fedha yake. Walawi 25 inaruhusu kununua watumwa wa mataifa na kuwarithisha watoto. Waefeso 6 inawaambia watumwa watii kwa hofu na kutetemeka. Kurani inataja mara nyingi wale ambao mikono ya kuume imewamiliki. Maalim alinipa upande wa pili wa mizani, na ni mzito: kumwacha huru mtumwa ni kafara ya makosa kadhaa, fungu la zaka limetengwa kwa ajili yao, 24:33 inaagiza mtumwa anayetaka kuandikiana mkataba wa kujikomboa apewe, na sura ya 90 inaiita kazi hiyo kupanda mlima mgumu. Mjomba naye akanipa Steere, na kanisa la Mkunazini, Zanzibar, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Nikawakumbusha wote wawili kwamba katika Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, na vitabu hivi vyote vilikuwapo muda wote huo.

Nikawauliza wanionyeshe aya inayozungumza na mtumwa mwenyewe na kumwambia ana haki ya kuondoka. Mjomba ndiye aliyekaribia: Kumbukumbu la Torati 23:15, mtumwa aliyekukimbilia usimrudishe kwa bwana wake, akae anapopenda. Ni sheria ninayoiheshimu kuliko zote katika vitabu hivi. Na bado inazungumza na mwenye nyumba aliyekimbiliwa.

Ndiyo maana Hajiri ananishika. Ni mjakazi wa Kimisri, anapewa Abramu azae kwa niaba ya bibi yake, Sarai, anateswa, anatoroka. Malaika anamkuta kisimani jangwani, wa kwanza kumuuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Halafu anamwambia arudi akanyenyekee, kinyume kabisa na sheria niliyoitaja sasa hivi. Na yeye, katikati ya hayo, anafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake katika Biblia: anampa Mungu jina, Mungu anionaye. Baadaye anafukuzwa na mkate na kiriba cha maji. Paulo anakuja kumtumia kwa Wagalatia kama mfano wa utumwa na kukumbusha kwamba mjakazi afukuzwe. Katika Kurani hatajwi jina. Kuna Ibrahimu tu akisema ameweka sehemu ya kizazi chake katika bonde lisilo na mimea. Lakini hadithi za Mtume zinasimulia alivyokimbia kati ya Safa na Marwa akitafuta maji ya mtoto, mara saba, na hadi leo kila anayekwenda Hija, awe tajiri wa mafuta au mkulima wa ufuta wa Nachingwea aliyeweka akiba miaka mingi, anapita alipokimbia yeye. Shangazi yangu alikwenda. Aliporudi nilimuuliza alikuwa anawaza nini pale. Akasema miguu ilikuwa inauma, na alimwonea huruma yule mama.

Sikuingia upande wowote. Watu wanaosikia nimesoma vyote huniuliza kipi ni cha kweli, na nikiwaambia bado siamini wanasikitika kwamba nimepoteza muda. Vijana wanaokwenda kwenye mihadhara nao huja na aya zao zilizokatwa niwasaidie kuzinoa. Nawapa sura nzima wasome kwanza. Wengi hawarudi.

Mjomba na Maalim walikuja kukutana kwenye harusi ya dada yangu hapa Lindi. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo. Niliwakalisha pamoja makusudi, nikawawekea ming'oko na chai, nikakaa karibu kusikiliza. Walizungumza bei ya korosho, mnada wa kwanza ulivyokwenda, makato, na kama mvua zitawahi. Nilipokata tamaa na kuinuka ndipo nikamsikia Maalim akiuliza, "Huyu mpwa wako, bado anawatetea wale waliozama?"

"Bado," mjomba akasema. "Na msimu huu ameongeza na mke wa Lutu."